Mguu Uliobaki Kitandani

Urbanus Mutiso hakuwahi kuhesabu watu maishani mwake. Mama yake, kule Kangundo, alimkataza tangu akiwa mdogo: watoto hawahesabiwi, wala wageni, wala waombolezaji, kwa sababu ukiwahesabu unawanyooshea kidole, na kinachonyooshewa kidole hupungua. Alikuwa amevuka bahari, amepata cheti cha kuchua misuli, na huu ulikuwa mwaka wake wa saba Toronto, lakini amri hiyo ilikuwa haijamtoka. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi, wachezaji wa timu ya Korongo walipokuja kutazamwa miguu, yeye alihesabu njumu zao.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Katika ghala la Downsview ambamo timu ilifanyia mazoezi ya kabla ya msimu, alitundika turubai la bluu pembeni, na nyuma ya turubai akaweka kitanda cha kuchulia. Waliohitaji kutazamwa walivua njumu zao na kuzipanga juu ya ubao, jozi kwa jozi, kisha wakaingia mmoja mmoja. Mchezaji alilala kifudifudi akafunikwa blanketi kutoka kichwani hadi magotini, maana ghala lile halikuwa na hita ya maana, na Machi ya Toronto haimhurumii aliyevua nguo. Kilichobaki wazi ni mguu tu. Urbanus alichua, akafunga bendeji, akamrudishia mtu njumu zake, akaita mwingine. Njumu zikiisha ubaoni, kazi imeisha.

Usimdhanie mganga njaa. Cheti alikuwa nacho, na mikono alikuwa nayo zaidi ya cheti. Nyuso za vijana wa Korongo zilimchanganya, wengi wao Waaustralia na Waairishi wenye nywele za rangi moja na mzaha wa aina moja, lakini miguu yao aliijua kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Kocha Murray, Mwaustralia mnene aliyeuza vigae vya paa siku za kazi, hakumteua mtu kabla ya kusoma karatasi ya Urbanus. Urbanus akiandika mzima, huyo ni mzima. Akiandika bado, mchezaji anakaa nje hata akilia machozi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kwao Murray. Mpira una umbo la papai, uwanja una umbo la yai, kila upande una milingoti minne, na watu wazima kumi na wanane wanawarukia mabegani watu wazima wengine kumi na wanane kugombania hilo papai. Ilimchukua Urbanus misimu mitatu kuelewa bao ni nini. Ila alielewa mapema kwamba mchezo wa namna hiyo hautamkosesha kazi mchua misuli.

Jumamosi ya pili ya Machi mwaka 1996, njumu ziliisha ubaoni saa tano kasoro. Urbanus akageuka ili akunje blanketi, akakuta mguu.

Ulikuwa mguu wa kushoto, umetulia kama wa mtu anayengoja zamu yake. Mwili uliobaki ulikuwa chini ya blanketi. Urbanus alidhani amekosea mwenyewe. Alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, kule Malton, akaunganisha mabasi mawili, na macho yalikuwa yakimwasha. Pengine kijana ameacha njumu zake mahali pengine. Akamimina mafuta kiganjani, akashika kifundo.

Baridi iliyompanda mikononi haikuwa ya ghala. Ilikuwa ya nyama inayotolewa kwenye friji ya buchani. Aliendelea kuchua kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha kuanza, na kwa sababu mama yake alikuwa na amri nyingine, kwamba anayeletewa kiungo hakirudishi. Kidole gumba chake kikapita juu ya kovu dogo upande wa nje wa kifundo, na hapo mikono ikajua ni mguu wa nani kabla akili haijakubali. Brice, mchezaji wao, alipata kovu lile utotoni, Bujumbura, akiruka senyenge. Na Brice alikuwa amezikwa tangu Septemba.

Urbanus aliuachilia mguu. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba macho, akaanza Salamu Maria asifike katikati. Alipofumbua, blanketi lilikuwa limelala bapa juu ya kitanda. Upande wa pili wa turubai vijana walikuwa wakicheka na kupiga mpira ukutani. Murray akachungulia, akauliza leo ametazama watu wangapi. Urbanus akajibu kama alivyojibu siku zote, kwamba amewatazama wote.

Sasa lazima tuseme alichokifanya, maana yeye mwenyewe alikuwa hajakisema kwa mtu yeyote.

Septemba iliyopita Korongo waliingia fainali. Nafasi ya winga wa kushoto ilikuwa na watu wawili. Mmoja ni Brice, kijana wa Kirundi mwenye mbio zilizowafanya Waaustralia watukane kwa furaha. Wa pili ni Festus, mwana wa Benedicta, dada yake Urbanus. Benedicta alifariki Festus akiwa na miaka kumi na mmoja, na kitandani pa hospitali alimshika kaka yake mkono akamwambia mtoto ni wake. Tangu siku hiyo Urbanus hakuwa na jambo lingine duniani. Alimlea, akamleta Kanada, akamfungia kamba za viatu vyake vya kwanza vya theluji. Hakuoa.

Brice alikuwa ameteguka kifundo mwezi Agosti. Jumatano kabla ya fainali Urbanus alikishika kifundo kile, akakizungusha, akakikuta kizima kabisa. Akaandika bado.

Damu nzito kuliko maji, alijiambia. Ni mechi moja tu, na Brice ana misimu mingi mbele yake. Kilichokuja kumtafuna baadaye si uongo wenyewe, kwani waongo tuko wengi. Ni kwamba Brice alimwamini. Kijana aliingia nyuma ya turubai akitembea vizuri, akatoka anachechemea, kwa sababu Mzee Urbanus amesema mguu haujapona. Siku ya fainali, badala ya kukaa nje akiwatazama wenzake, alichukua zamu ya ziada kwenye ghala moja la mizigo. Rundo la makreti lilipoanza kuporomoka, waliokuwa karibu naye walikimbia. Brice, wakasema walioona, alichechemea.

Festus alifunga mabao mawili siku hiyo. Kwenye mazishi Libérata, mama yake Brice, alimshika Urbanus mikono yote miwili, mbele ya watu, akamshukuru kwa kumtunza mwanawe.

Jumamosi iliyofuata mguu ulikuja tena, njumu zilipoisha. Na iliyofuata. Urbanus aliuchua ule ubaridi kwa mafuta mengi na hofu nyingi, bila neno, na kila alipofumba macho ukaondoka. Alihamisha kitanda upande mwingine wa ghala. Alifua blanketi. Alileta maji ya baraka kutoka kanisani akanyunyiza, yakaganda sakafuni na Mwairishi mmoja nusura avunje kiuno. Mguu haukujali. Mwanzoni mwa Aprili ukaacha kungoja mwisho. Ukaanza kuja katikati, kati ya mchezaji na mchezaji.

Na hapo ndipo ugonjwa ulipoingia kwenye timu. Kila aliyelala kitandani baada ya mguu ule aliinuka akichechemea mguu wa kushoto. Alianza Lachlan, mrukaji wao mkubwa, aliyesimama akaukanyaga mguu wake kama mtu anayekanyaga maji asiyojua kina chake. Akafuata Declan, kisha ndugu wawili kutoka Adelaide siku moja. Hakukuwa na uvimbe. Hakukuwa na joto. Daktari aliwapiga eksirei akazirudisha safi, akawaambia ni wazima, nao wakamshukuru wakatoka ofisini kwake wakiburuta miguu. Ukisimama mlangoni pa ghala ukawatazama wakikimbia mzunguko wa kwanza asubuhi, ungesikia mwendo mmoja tu: pa, na kimya kidogo, pa, na kimya kidogo. Hata ambao hawajaugua walianza kuufuata mwendo huo bila kujua.

Murray alikonda, mtu ambaye hakuna aliyetarajia kumwona amekonda. Msimu ungefunguliwa tarehe kumi na moja Mei, na katika mechi hiyo ya kwanza wangekuja watu wa kuchagua timu ya taifa itakayosafiri Australia mwezi Agosti. Alikaa na karatasi za majina kila jioni, akiyafuta na kuyarudisha. Alimwuliza Urbanus ni nini hiki. Urbanus akasema ni baridi.

Safari hiyo ya Australia ndiyo iliyomnyima Festus usingizi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, akikunja masanduku katika kiwanda cha Downsview, na mbele yake hakuwa ameona mlango mwingine uliofunguka. Winga wa kushoto sasa alikuwa yeye peke yake. Kilichobaki ni neno la mjomba wake kwenye karatasi, na mjomba huyo huyo alikuwa hamruhusu hata kusogelea kitanda. Kila akija, Urbanus alimwambia hana haja, aende akapige mpira.

"Anko, unanificha nini?" Festus alimwuliza jioni moja, wakila. "Wote unawachua, mimi tu ndio unaniruka. Murray amesema siku ya kuteua kila mtu lazima apite kitandani, ama jina lake halisomwi."

"Wewe uko sawa."

"Basi nichue uandike. Kuna noma gani?"

Urbanus akasukuma sahani. Alitaka kusema, akaacha, kwa sababu alimwona kijana anavyomtazama. Ni macho yale yale ya Benedicta, ya mtu anayekukabidhi kila alicho nacho bila kuomba risiti. Mtu akishatazamwa hivyo mara moja, atafanya mengi ili aendelee kutazamwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikwenda kwa Libérata. Mama huyo aliishi ghorofa ya tatu, jengo linalotazama maghala, na alifanya kazi ya kuwahudumia wazee. Alimkaribisha kwa furaha, akamwekea chai ya maziwa na mandazi. Urbanus alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na sentensi moja, fupi, ameishika mkononi kama nauli. Lakini mwenyeji akamtangulia.

"Nilitaka kukuuliza kitu, dokta," alisema Libérata. "Brice anakuja. Nikirudi kazini asubuhi namkuta pale ku kiti, amevua soksi. Halii, hana hasira. Anauliza neno moja tu, Mama, nimepona? Na mimi sijui nimujibu nini. Wewe ndiye ulimutazama."

Kiti alichokionyesha ndicho alichokalia Urbanus. Alihisi baridi ikimpanda kwenye kifundo cha kushoto, polepole, hadi kwenye shavu la mguu. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, na mtu wa haki angeishika kwa mikono miwili. Yeye alimeza chai.

"Mwambie apumzike," alisema.

Libérata aliitikia kwa kichwa, akionekana hakuridhika, akamfungia mandazi kwenye karatasi ampelekee Festus. Urbanus alichechemea ngazi zote tatu hadi chini, na mandazi akayatupa kituoni pa basi kwa sababu hakuthubutu kumlisha kijana.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Aprili, siku ya kuteua. Theluji ilikuwa imeyeyuka, mlango mkubwa wa ghala uliachwa wazi, na mwanga uliingia wa kutosha kusomea gazeti. Urbanus aliingia nyuma ya turubai saa tatu, kabla ya mchezaji yeyote kuvua njumu. Ubao ulikuwa mtupu. Mguu ulikuwa umekwisha kulala kitandani.

Safari hii alifumba macho akafumbua, na haukuondoka. Akasali Salamu Maria hadi mwisho. Haukuondoka. Nje alisikia Murray akiwapanga vijana kwa ajili ya kuingia, na sauti ya Festus ikisema yeye atakuwa wa kwanza.

Urbanus akainama, akaushika mguu ule, akaukurubia. "Umepona, Brice," alinong'ona. "Ulikuwa umepona tangu ile Jumatano. Nenda, mwanangu."

Kifundo kilizunguka mkononi mwake. Kilizunguka kulia, kikazunguka kushoto, laini, bila kukwaruza, kama kifundo cha mtu mzima anayejipasha moto kabla ya mechi. Kisha kikatulia pale pale. Urbanus alielewa, na kuelewa kulimwuma kuliko hofu. Bado alikuwa akisema nyuma ya turubai. Alichoandikiwa Brice kilisomwa mbele ya timu nzima, na ukweli wake ulikuwa unanong'onwa pembeni kwa maiti.

Turubai likafunguka, Festus akaingia miguu mitupu.

"Usilale hapo," Urbanus alisema.

"Kitanda kiko tupu, Anko."

Akalala. Akajivutia blanketi mwenyewe. Urbanus aliona ukingoni mwa blanketi miguu mitatu: ya Festus miwili, na katikati yao ule mwingine, wa kushoto, umeegemea wa kwake kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Vidole vya Festus vilianza kupauka. Weupe ukapanda kutoka kwenye kucha, ukafika kwenye kifundo.

"Mbona baridi hivi?" Festus aliuliza kutoka chini ya blanketi, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Urbanus alimshika mabega ili amvute, akakuta mzito, mzito wa watu wawili. Hapo akaacha kuvuta. Alilikamata turubai kwa mikono yote miwili akalishusha chini, kamba na misumari, na wachezaji wote wakageuka.

Alisema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili, ingawa waliokijua pale walikuwa Festus tu na huyo mwenziwe wa kitandani. Alisema Brice alikuwa mzima. Alisema alikishika kifundo akakikuta kizima, akaandika bado ili mpwa wake acheze, na Brice akaenda kufa akichechemea kwa mguu usiokuwa na kitu. Hakujitetea. Alitaka kuongeza kwamba anaomba msamaha, akaona hakuna pale wa kumpa.

Magari yalisikika yakipita barabara ya Keele. Kisha Lachlan akaukanyaga mguu wake wa kushoto sakafuni, taratibu, akausogeza uzito wake wote juu yake, akamtazama Declan. Declan naye akajaribu. Mmoja baada ya mwingine wakasimama wima, wala hakuna aliyeshangilia. Murray alimwendea Urbanus, akamchukulia karatasi mkononi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kabla ya jioni awe amekwenda kwa mama yake Brice, na baada ya hapo asirudi Korongo. Urbanus akasema atakwenda.

Alipogeuka, kitandani palikuwa na mtu mmoja na miguu miwili. Festus alikuwa ameketi, blanketi mapajani, anatetemeka. Aliteremka. Mguu wa kulia uliikanyaga sakafu sawasawa. Wa kushoto aliuburuta.

Urbanus akapiga magoti mbele yake, mbele ya watu wote, akaushika. Ulikuwa na joto. Damu ilikuwa imerudi hadi kwenye kucha, mifupa imekaa mahali pake, misuli haina fundo. Katika miaka yote ya kazi hajawahi kushika mguu mzima kuliko ule. Alilia kwa shukrani, bila kujificha.

"Ni mzima, mwanangu. Umepona. Hauna kitu."

Festus alimtazama chini pale alipopiga magoti. Yale macho ya Benedicta yalikuwa pale pale usoni, ila aliyekuwa akitazama nayo hakuwa akimkabidhi mtu chochote.

"Brice ulimwambia bado, akakuamini," alisema. "Mimi unaniambia mzima. Sasa nitajuaje, Anko?"

Urbanus akakizungusha kifundo. Mikono yake ilijua, lakini kilichohitajika pale lilikuwa neno lake. Festus akauchomoa mguu kutoka mikononi mwake, akamwendea Murray, akamwomba afute jina lake kwenye winga. Murray alisita, akamwambia ajaribu kukimbia kidogo tu. Festus akatikisa kichwa. Akachukua koti lake, akapita katikati ya wenzake waliosimama imara kwa miguu yao, akatoka kwenda kituoni pa basi anachechemea.